Mstari Nilioongeza kwa Simu

Safia, mhariri wetu mpya, aliniomba niandike ukurasa mmoja wa kuaga. "Mzee, tuandikie vile ulianza, mpaka ukafika bungeni. Na hiyo ya bungeni usiipunguze, watu wanaipenda." Nikamwambia sawa. Nimekaa na karatasi wiki tatu, na kila nikianza najikuta najisifu. Sasa nimeamua kuandika jambo lenyewe. Kuna mtu aliuawa Burat kwa sababu ya mstari mmoja uliotoka katika gazeti hili la Malisho. Watu wa mji huu wanaamini mstari ule ulikuwa wa Nkatha, msaidizi wangu wa miaka mingi. Haukuwa wake. Niliuongeza mimi, kwa simu, nikiwa Nairobi na tai shingoni. Nataka kulisahihisha hilo kabla miguu yangu haijakataa kabisa. Mnivumilie nianzie mbali kidogo, maana asiyejua jinsi tulivyofanya kazi hataelewa mstari mmoja unauaje mtu.

Nilifika mtaa huu wa Chechelesi nikitoka kwetu Kinna na mkoba mmoja na cheti cha kidato cha nne, nimekikunja ndani ya kitabu kisipate jasho. Ofisi ilikuwa chumba cha mabati. Ndani kulikuwa na mzee mwembamba wa Kisomali, amevaa kikoi na fulana, kucha zote nyeusi kwa wino. Huyo ndiye Mzee Haji, aliyeanzisha gazeti hili baada ya kuacha ukarani wa mifugo. Hakuangalia cheti.

"Waryaa, wewe kijana, unajua kuandika?"

"Najua."

"Kuchora je?"

"Kuchora sijui."

"Basi hujui kuandika gazeti la hapa." Akanipa msumari, akaniambia nichore pale sakafuni, kwenye udongo, alama ya ngamia wa baba yangu. Nikapiga magoti nikachora. Aliangalia akatikisa kichwa. "Na sikio? Baba yako hakati masikio?" Ni kweli nilikuwa nimesahau sikio. Siku hiyo sikuandika neno hata moja. Nilichora masikio mpaka adhuhuri, halafu tukaenda kuswali.

Nyinyi wa kompyuta hamjui stensili. Ilikuwa karatasi laini yenye nta. Unaipiga kwa taipureta bila utepe, herufi zinatoboa ile nta, halafu unaivalisha kwenye mashine na kuzungusha mkono. Maneno yalikuwa rahisi. Shida ilikuwa alama za mifugo, kwa sababu hizo unazichora kwa kalamu butu, na ukikaza mkono karatasi inapasuka, unaanza upya ukurasa mzima. Ukikosea kuna dawa nyekundu ya kuziba, inanuka kama rangi ya kucha. Wino ulifika mpaka kwenye viwiko na haukutoka kwa sabuni, tulijisugua na mafuta ya taa. Siku ya harusi yangu shangazi za mke wangu walinisifu kwa kupaka hina vidoleni. Niliwaacha waamini.

Gazeti lilikuwa na kurasa nne na lilitoka Ijumaa. Mbele habari, ndani bei za mifugo, vifo, harusi na michango, na ukurasa wa mwisho wote ulikuwa wa safu moja iliyoitwa Waliopotea. Malisho lilisomwa kama Kiarabu, kuanzia nyuma. Nilipoandika habari yangu kubwa ya kwanza ukurasa wa mbele, niliuliza watu sokoni wameionaje. Walisema bado hawajafika huko.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mtu akiona mnyama asiye wake amejiunga na mifugo yake, alikuja ofisini kutuambia. Tuliandika rangi, umri, dume au jike, alama ya moto na mkato wa sikio. Lakini alama moja tuliiacha kwa makusudi. Anayekuja kudai lazima aitaje hiyo iliyoachwa, na akishindwa, anapewa chai na kurudishwa kwao. Na mambo matatu hatukuyaandika kamwe: mnyama yuko wapi, nani anamtunza, na ni wa kabila gani. Hayo yalikaa kwenye daftari ndani ya mtoto wa meza ya Mzee Haji. Anayedai akishaitaja alama, mmoja wetu alitembea naye mchana kweupe, pamoja na chifu na mzee mmoja wa kila upande, kwenda kumchukua mnyama. Ilichukua siku tatu, wakati mwingine wiki. Watu walilalamika. Mzee Haji aliwajibu wote kwa neno lile lile: "Nikiandika mahali, mwenye bunduki atafika kabla ya mwenye ng'ombe."

Alikuwa na sheria nyingine, na hiyo aliniingizia kichwani kwa nguvu. Mwaka wangu wa pili niliandika kwamba mfanyabiashara fulani wa miraa pale stendi aliwauzia watu majani ya jana. Kumbe alikuwa mwingine wa jina lile lile. Mimi nikaandaa masahihisho ya mistari miwili na kuyaweka pembeni yachapwe. Mzee Haji akayachukua, akanirudishia mkononi.

"Peleka."

"Nimpe nani ampelekee?"

"Kosa lako litatembea kwa miguu yako. Unafika kwake, unasimama, unamsomea mbele ya watu wa nyumba yake. Yeye akisema ongeza, unaongeza. Akisema punguza, unapunguza. Halafu ndio tunachapa."

Nilienda. Yule bwana alitoka na kiti, akakaa yeye, akaniacha mimi juani. Nikasoma. Akasema hajasikia vizuri. Nikasoma tena. Akaita jirani zake, nikasoma mara ya tatu, mkewe akicheka mpaka akashika ukuta. Mwisho akanikaribisha chai, na tangu siku hiyo hatukuwahi kugombana mpaka alipofariki. Ndivyo tulivyofanya Malisho, na kila mmoja wenu nimemfundisha hivyo. Mtakumbuka uso wangu nilipokuwa nikiwafundisha. Haukuonyesha chochote, wallahi.

Nkatha alikuja wakati Mzee Haji ameanza kupoteza macho. Alitoka huko juu Umeru, alikuwa akifundisha taipureta katika chuo kidogo kilichofungwa. Alikuwa mama wa makamo, mkimya, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili bila kumwambia mtu ameenda. Katika mwaka mmoja alizijua alama za mifugo kuliko mimi niliyezaliwa nazo. Wazee walikuja ofisini kumjaribu, wakamchorea mchangani alama za babu zao, naye akawaambia ni ukoo gani na uliachana na ukoo gani. "Huyu Mmeru atatuambia na mahari ya mama zetu," walitania. Mzee Haji alipofariki nikawa mhariri, na Nkatha akawa mkono wangu wa kulia.

Mtu aliyempenda zaidi kati ya wote waliokuja ofisini alikuwa Lomuria wa Burat. Lomuria alichunga karibu na mto, na wakati wa kiangazi wanyama wa kila mtu huishia mtoni, kwa hivyo yeye ndiye aliyeokota wengi. Alikuja kwa miguu siku ya soko, fimbo begani. Ukimpa kiti alikataa, alikaa kwenye ngazi ya mlango. "Nimeokota watoto wa watu," alisema, na Nkatha akajua aandike. Malipo yake yalikuwa chai yenye sukari nyingi mno. Nkatha alimwambia itamuua hiyo sukari. Miaka yote ile hakuna mnyama aliyekuja kudaiwa kwa Lomuria akakosekana, hata mbuzi mmoja.

Haya basi, bunge. Kiti cha hapa kiliachwa wazi katikati ya muhula, na wazee wakaja kwangu. Walisema najulikana kila boma na sina adui. Hiyo ya kutokuwa na adui ilinipendeza sana. Huku kwetu mtu akienda Nairobi tunasema ameenda Kenya. Nami nikaenda Kenya, nikakaa huko mwaka mmoja na nusu. Nilizungumza bungeni mara nne, na mara moja kati ya hizo nilikuwa nimesimama tu kumpisha mwenzangu apite, Spika akadhani naomba nafasi. Niliuliza kuhusu visima vya huku. Nilijibiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa, na nadhani hata leo linashughulikiwa. Zaidi ya hayo sina la kusimulia, Safia atanisamehe.

Gazeti nilimwachia Nkatha. Jina lake ndilo lilichapwa chini ya ukurasa wa kwanza kama mhariri. Lakini sikuweza kuliachilia. Kila Alhamisi mchana alinipigia akanisomea kurasa zote, nami nikarekebisha hapa na pale, nikijifanya namsaidia. Yeye hakulalamika. Nadhani alidhani nimekosa usingizi kwa ajili ya nyumbani, na kidogo ilikuwa kweli.

Kisha ukaja ule ukame mbaya, na uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia. Binamu yangu Dida alinipigia simu akiwa na hasira. Ngamia saba wa ukoo wetu walikuwa wamepotea kutoka kambi ya mifugo, na hakuna aliyejua walikoelekea. "Tulikupigia kura ili tukae hivi hivi tu?" alisema. "Wenzako wanaleta barabara. Wewe hata ngamia wa mama yako huwezi kuleta?" Nilimwambia avute subira. Akaniambia subira haina maziwa.

Alhamisi ile Nkatha akanisomea Waliopotea. Ngamia saba, majike watano na madume wawili, alama hii na hii. Nikawajua mara moja.

"Wako wapi?"

"Mzee Boru, unajua hatusemi."

"Nkatha, ni mimi niliyekufundisha hayo. Wako wapi?"

"Wako kwa Lomuria. Amewaokota mtoni. Amekuja jana kuripoti."

Ningeweza kumwambia Dida aende ofisini ataje alama iliyoachwa, achukue chifu, waende wakawalete. Siku tatu, nne hivi. Lakini nilitaka ionekane kwamba wakati wa ubunge wangu mali ya watu inapatikana upesi. Nilitaka Ijumaa ile watu wasome, Jumapili ngamia wawe nyumbani, na ukoo wote useme Boru bado yupo. Na kumwambia Dida mdomoni niliogopa, maana ingesemwa mbunge ametuma watu kwenye boma la mtu. Likitoka gazetini, ni gazeti limesema. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, nimekaa kwenye kiti cha ngozi, na nilijiona mwerevu.

"Ongeza mstari," nikamwambia. "Andika: Ngamia hao wako kwenye boma la Lomuria, Burat, karibu na mto."

"Mzee."

"Andika."

"Na Mzee Haji je? Yale aliyotufundisha?"

"Mzee Haji amekufa, Nkatha. Watu wana shida sasa hivi. Weka huo mstari."

Nilimsikia akipumua. Akasema, "Nimeuweka," na akakata simu bila kuniaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikampigia Dida nikamwambia asome Malisho kesho, ataona kazi yangu.

Jumamosi asubuhi vijana wanane wa kambi yetu walifika Burat na gari la kukodi. Hawakuja na chifu. Walikuwa wamesoma kwamba ngamia wao wako kwa mtu, na kwao mtu huyo alikuwa mwizi, basi. Lomuria alipoona watu, alidhani wametoka ofisini kwetu kama kawaida. Alifungua lango la miiba akatoka kuwalaki, akisema karibuni, wako hapa, wote wazima. Mkewe Akiru alikuwa nyuma yake na kibuyu cha maziwa. Walimpiga risasi pale langoni. Wakachukua ngamia saba na mbuzi wake wote. Hakuna aliyeulizwa alama.

Nkatha alinipigia kabla ya saa nne. "Mzee, wamemuua Lomuria." Alikuwa akilia. Sikuwahi kumsikia akilia. Nami, Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Nani anajua ni mimi nimesema?"

Akakata simu.

Dida alijua, lakini Dida alikuwa na sababu zake za kufunga mdomo, kwa kuwa vijana wawili kati ya wale wanane walikuwa wanawe. Wiki iliyofuata serikali iliita baraza Burat ili damu isiendelee kumwagika. Nilikuja na gari kubwa na askari wawili. Nilianza kwa mjane, nikampa Akiru mkono wa pole, nikakaa mbele na wakubwa. Mzee mmoja wa upande wa marehemu akasimama na nakala ya Malisho. Aliishika kwa vidole viwili tu, kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

"Gazeti hili tunalijua tangu tukiwa vijana," alisema. "Halijawahi kuandika boma la mtu. Hapa nani aliandika?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasimama, nikarekebisha koti. "Wazee wangu," nikasema, "Malisho lina mhariri wake. Mimi niko bungeni, kalamu sishiki tena." Kila neno lilikuwa la kweli. Ukitaka kudanganya watu wanaokuheshimu, sema ukweli kidogo kisha ukae chini upesi.

Nkatha alikuwa amekaa upande wa akina mama. Aliniangalia. Nikatoa simu mfukoni nikaanza kuisoma, na hakukuwa na chochote cha kusoma. Yule mzee akamuuliza kwa upole, "Mama, ni wewe?" Nkatha akasimama. Nilingoja aseme. Kwa kweli nusu yangu ilitaka aseme, yaishe. Akasema, "Jina lililo hapo chini ni langu," akakaa.

Baada ya baraza mwenye nyumba aliyopanga Nkatha alimwambia atafute pengine. Mama wa chai, aliyekuwa akimwekea kikombe chake pembeni, akasema kimevunjika. Mwezi haukuisha Nkatha akarudi kwao Umeru. Alinipigia mara moja tu tangu hapo, akaniuliza, "Mzee, utasahihisha?" Nikamwambia uchaguzi ukipita. Akasema, "Haya," na simu ikaishia hapo.

Uchaguzi ulipita. Nilishindwa vibaya, hata Kinna nilishindwa. Nikarudi Chechelesi, nikakalia kiti alichokuwa akikalia Nkatha, nikaendelea na gazeti kama kawaida. Nilijiambia mambo yamepoa, nikiyachokoza damu itamwagika upya. Ilikuwa sauti ya busara, na mtu akishakuwa na ndevu nyeupe hakuna anayemuuliza mara mbili. Lakini si busara iliyonifunga mdomo. Niliogopa. Niliogopa kwenda Burat kwa miguu na kusimama pale langoni, na woga huo haukupungua kila mwaka, uliongezeka. Miaka hiyo yote tumesahihisha bei za mbuzi, tumesahihisha jina la bibi harusi, tumetembea mpaka Merti kumsomea mtu kwamba baba yake hakufa, alikuwa amelazwa tu. Kosa letu kubwa kuliko yote nililipita kila nikifungua kabati la nakala za zamani. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wangu amekua, ameota ndevu.

Nkatha alifariki mwaka juzi. Nilienda mazishi. Waliniomba niseme machache kama mkubwa wake wa kazi, nikasema alikuwa mwaminifu na mtiifu. Neno hilo la mtiifu nililichagua mwenyewe, na nikalisema mbele ya kaburi lake. Kaka yake akanishukuru kwa kutoka mbali, wakanipakulia chakula, nikala.

Kwa hivyo Safia, haya ndiyo masahihisho. Yachapwe ukurasa ule ule wa mwisho mstari ulikotokea, na jina langu lote. Ukiona mahali nimejitetea, futa. Sheria ni yapelekwe kwanza ndipo yachapwe, na hiyo nimeifanya mwezi uliopita.

Nilitoka Chechelesi asubuhi kwenda Burat na karatasi niliyoiandika kwa mkono. Vijana wa bodaboda walinisimamisha njia nzima, "Mzee panda, mzee jua," nikawakatalia. Nilipumzika mara nne. Akiru amezeeka, lakini bado analima kishamba karibu na mfereji, mbele ya lango la boma lile lile. Nilimkuta amejikunja akipalilia sukuma wiki, na binti yake akiteka maji.

"Ejoka," nikamsalimia kwa lugha yao.

"Ejoka. Karibu, mzee wa gazeti." Alinijua. Aliita binti alete kiti. Nikamwambia sitakaa, nimekuja kumsomea kitu nikiwa nimesimama.

Akaniangalia kwa mshangao. "Ya mume wangu?"

"Ndiyo."

"Hiyo nilishasomewa," akasema. "Mwenye kosa alishakuja."

Nikamuuliza nani.

"Yule mama yenu, Nkatha. Baada ya baraza, kabla hajaenda kwao. Alikuja kwa miguu, akasimama hapo langoni, akasoma. Alisema, mimi ndiye niliandika jina la mume wako na boma lako. Mimi nilimtukana, mzee. Nilimtukana vitu ambavyo hata mbwa huwezi kumwambia, watoto wangu wakisikia. Akaenda. Kesho yake akarudi, akasoma tena. Nikamrushia mawe. Siku ya tatu akarudi, nikachoka. Nikampa maji, nikamwambia imeisha, nimekusamehe, enda."

"Alikuambia alikuwa peke yake?"

"Nilimuuliza, kuna mtu alikutuma? Akasema mkono ulikuwa wangu. Alikuwa anakuja kila mwaka kunisalimia, mpaka akaacha. Nikajua amekufa, kwa sababu yule akiwa hai angekuja."

Nilitaka kukunja karatasi nirudi mjini. Nawaambia ukweli, niliona njia hapo. Kosa lilikuwa limeshapelekwa, limesamehewa, limezikwa. Lakini binti alikuwa ameshaweka ndoo chini na wote wawili walikuwa wananingoja. Nikasoma. Ni mistari sita tu, ilinichukua muda mrefu kama nasoma kitabu kizima. Kwamba mstari ule niliuongeza mimi kwa simu. Kwamba Nkatha alikataa na nikamlazimisha. Kwamba kwenye baraza nilimwacha abebe yeye.

Akiru hakupiga kelele. Nilitamani apige kelele.

"Wewe ulinipa mkono siku ile," akasema. "Ulisema pole."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye alikuwa amekaa hapo na mimi, akijua."

"Ndiyo."

Aliangalia lile lango kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Nilimpiga na mawe mtu ambaye hakunikosea," akasema. "Moja ilimpata hapa." Akagusa mfupa wa shavu lake. "Hakuzuia na mkono."

Sheria ni kwamba ukishasoma unamuuliza mwenyewe kama kuna la kuongeza au kupunguza. Nikamuuliza. Akasema hakuna. Halafu nikafanya jambo ambalo halimo kwenye sheria, nikamwomba anisamehe.

"Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekuambia chumvi imekwisha. "Msamaha wa mume wangu nilikuwa nao mmoja. Ulinitoka kwa shida, siku tatu. Nilimpa Nkatha. Sina mwingine."

Akainama akashika jembe lake, akaendelea pale alipokuwa ameachia. Binti akabeba ndoo akaenda zake. Nilisimama juani muda, nikidhani labda ataniambia nisome tena. Hakuniambia. Nikashika njia ya mjini.